Uzio wa Mabua na Wajerumani

Juzi mwanangu aliweka betri za tochi juani hapa Nsemulwa, kwenye bati la nyumba niliyoijenga bila msaada wa mtu. Zilipopata moto, harufu yake ikanirudisha Inyonga, kwa baba, aliyekuwa akianika hivyohivyo betri za redio yake.

Mwaka wa tisini habari zilikuwa Ujerumani tu. Walichukua Kombe la Dunia, baba akashangilia utadhani kacheza yeye. Halafu nchi zao mbili zikaungana, basi ndiyo tukakoma. Alitoka nje akiwaita wake zake, mama yangu na mama mkubwa, ambao nyumba zao zilitenganishwa na uzio wa mabua.

"Wajerumani wamekuwa nyumba moja! Nyie mnashindwa na mabua?"

"Kwani hao Wajerumani wana mbuzi?" mama akauliza.

Mbuzi walikuwa wa mama mkubwa. Mama alikuwa ameanika karanga zake zote za mbegu, na mvua ilikuwa karibu. Baba hakusikia. Mtu mzima na akili zake, aling'oa uzio wote, akarudi kwenye redio.

Chai haijachemka, mbuzi wakawa wamemaliza karanga. Niliwatupia mawe mpaka mkono ukauma.

Mama akamfuata baba na ungo mtupu. "Baba watoto, waulize hao ndugu zako, mbegu wanatuletea lini?"

Mama mkubwa, ambaye hakuwahi kumtetea mama hata siku moja, akaja kusimama pembeni yake.

"Na mie nasubiri jibu."

Baba alizima redio, akainama kuokota mabua.