Agar wa Foni na Kichupa cha Tatu

Katika mtaa wa Mususa, mjini Butembo, Agar alijulikana kwa sauti yake. Ndiye aliyeshika foni ya kanisa, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Miaka ile ya vita, njia zikiwa zimejaa askari, habari za nani amefika na nani amezikwa zilipitia kinywani mwake. Jicho lake la kushoto lilikufa kwa surua utotoni. Mtoto wa jicho alipofunika na la kuume, hata akashindwa kusoma majina aliyoyaandika mwenyewe, alishuka Beni akapasuliwa.

Kesho yake walipofungua bendeji, aliona mpaka mistari ya kiganja chake. Alilia. Daktari Jéthro akampa kichupa: tone moja, mara nne kwa siku, mwezi mmoja, kisha arudi apimwe.

Mwezi ulipotimia, mapigano yalikuwa yamefunga barabara huko Maboya. Kichupa kikaisha. Agar akaogopa kwamba dawa ikikatika giza litarudi, akamtuma mkwe wake, Séphora, akanunue kingine cha namna ileile. Kisha cha tatu. Jicho halikuwa jekundu, haliwashi, haliumi. Angeshuku nini?

Mwezi wa nne akaanza kuona duara la rangi kuzunguka taa. Akajigonga bega mlangoni. Asubuhi moja Séphora alimnyooshea kikombe cha chai upande wa kuume, naye Agar akaendelea kuongea bila kukipokea.

"Mama, haukuona mukono yangu?"

"Niliiona," Agar alidanganya. Siku hiyo akatonesha dawa mara mbili zaidi.

Njia ilipofunguliwa, Ramazani, mchukuzi wa kahawa, akampandisha kwenye lori lake mpaka Beni. Daktari akapima jicho, akapima tena.

"Mama Agar, hii dawa uliiacha lini?"

"Sijaiacha, Dokta. Ile dawa njo inachunga jicho."

"Hapana, Mama. Ilikuwa ya kutuliza kidonda ya operasio tu. Kwa batu bamoja, ikikawia, inapandisha presio mu jicho, na presio inaua mushipa ya kuona, polepole, bila maumivu." Akavua miwani. "Tulikuambia urudi kisha mwezi moja. Hatukukuambia ufanye nini kama njia imefungwa. Ile iko kosa yetu."

"Na chenye kimepotea?"

"Hakitarudi. Tutachunga chenye kimebakia."

Walimbadilishia dawa, presio ikashuka. Alibaki akiona cha mbele tu. Siku mbili alilala uso ukutani. Siku ya tatu aliomba orodha ya wote waliopasuliwa wasirudi kupimwa. Walikuwa kumi na mmoja.

Aliporudi Mususa, akaita kituo kwa kituo: "Mwenye alipasuliwa jicho na angali anatonesha dawa ya Beni, aende apimwe mbio. Asingojee maumivu." Kanyabayonga wakajibu kwamba mzee Ézéchias alikuwa kwenye kichupa cha pili. Akapelekwa mapema, jicho lake likaokoka.

Saba walipatikana. Wanne walikuwa wa vijiji ambavyo antena zake zilichomwa. Agar aliwaita kila asubuhi saa nne, jina kwa jina, akangoja, foni ikivuma peke yake, kisha akaendelea na habari za siku.