Mataruma ya Mama Émérence

Mama Émérence alipenda kusifiwa, na hilo ndilo lililomponza. Alikuwa na malewa, kibanda cha mabati cha kuuzia chakula, kando ya njia ya wafanyakazi wa kiwanda pale Likasi, na bukari yake, ugali wa huko, na samaki wake wa kuchoma havikuwa na mpinzani. Miaka ile ya Zaire, kila Jumamosi watu walitolewa kufanya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Jumamosi moja, ufagio mkononi, akawageukia wenzake wenye malewa akawaambia kwamba wanamaliza msitu. Hapo hakukosea. Vilima vilikuwa vimebaki vipara, na wauza makala, yale makaa ya kupikia, walisukuma baiskeli zao kutoka mbali hata wakafika hoi.

"Tuache makala!" akasema. "Mataruma, ile miti ya chini ya reli ya zamani, inalala bure mu majani. Tupasue, tupikie!"

Chifu wa mtaa akapiga makofi, watu wote wakafuata. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Wa kwanza kumfuata alikuwa jirani yake Germaine, mwenye malewa ng'ambo ya njia, mjane aliyemwita Émérence yaya, kama dada yake mkubwa wa tumbo moja. Germaine alilea watoto wake kwa kuuza samaki wa ziwa la Mwadingusha, basi. Hakuwa na kingine.

Kumbe mataruma hulowekwa lami ili mchwa wasiyale. Émérence aligundua hilo kwa ulimi wake mwenyewe: alionja samaki wake, akatema. Mtu mwenye haya angetoka mbio kumwambia Germaine. Yeye alikumbuka yale makofi. Akarudia makala kimyakimya, mbabula yake, lile jiko la bati, akaificha nyuma ya kibanda, na rundo la mataruma akaliacha mbele, chifu apite alione.

Wateja wa Germaine wakaanza kupungua. Kila aliyehama alihamia kwa Émérence, naye aliwapakulia macho yakiwa chini.

Mchana mmoja fundi Barnabé wa kiwandani akasukuma sahani ya Germaine mbele ya watu. "Mama, samaki yako inanuka gudron, lami kabisa! Weye hauoshake masafuria? Angalia mwenzako, yeye iko musafi."

Watu wakacheka. Germaine alivuka njia na sufuria mkononi, akasimama mbele ya Émérence.

"Yaya, minasugua na muchanga kila siku, na bantu banakimbia tu. Unionyeshe vile weye unaosha."

Émérence alitamani ardhi ipasuke immeze. "Haiko masafuria," akasema. "Njo ile miti inanukisha samaki. Kosa iko yangu, Germaine."

Germaine akatabasamu kwa uchovu. "Usibebe kosa yangu, yaya. Siye wote tunapikia miti moja. Moyo yako iko muzuri sana."

Sifa nyingine tena! Alikuwa amezitafuta maisha yake yote, na hii ilimchoma kuliko tusi. Angeweza kunyamaza hapo. Germaine mwenyewe alikuwa ameshamfungulia mlango wa kutokea. Badala yake akamshika mkono, akampeleka nyuma ya kibanda, Barnabé na wengine wakitazama.

Mbabula ilikuwa inawaka. Ilijaa makala mekundu, na kando yake gunia zima limeegemea ukuta.

Germaine alilitazama lile gunia muda mrefu. Kisha akaitazama mikono yake, iliyochubuka kwa kusugua mchanga hata kucha zikavuja damu. Émérence aliomba moyoni apige kelele.

"Tangu lini?" Germaine akauliza.

Émérence akamwambia.

Germaine akaiweka sufuria yake chini, taratibu. "Asanti, Mama Émérence," akasema, akavuka njia kurudi kwake. Tangu siku hiyo hakumwita yaya tena.