Shoka la Jumapili

Mlango wa nyuma uligongwa. Kisiwani Lewis, kaskazini mwa Uskoti, jirani hagongi. Husukuma mlango akaingia huku anaongea. Kwa hiyo Seonag aliposikia mlango ukigongwa, aliweka kisu juu ya viazi na kujifuta mikono kabla ya kufungua.

“Ni Torcuil,” alisema Beileag, jirani yao. “Wamemkuta ameketi, ameegemea rundo la mboji, ule udongo wa kinamasi aliokuwa ameukata na kuukausha kwa ajili ya moto. Moyo umesimama tu. Pole, dada.”

“Mimi sina kaka,” alijibu Seonag, kama alivyozoea kujibu kwa miaka ishirini na moja. Kisha akaketi palepale kizingitini.

Torcuil hakuoa. Alifuga kondoo, aliwakatia wajane mboji, na utani wake uliwachekesha hata wazee wa kanisa. Lakini Jumapili moja, miaka ishirini na moja nyuma, watu walipotoka ibadani, walikutana naye njiani, shoka begani. Alikuwa ameivunja mashua ya shemeji yake, Ruairidh, mume wa Seonag. Ubao hata mmoja haukusalia mzima.

Baraza la wazee wa kanisa lilimwita kwa kuivunja Sabato.

“Ulikusudia?” aliuliza mchungaji.

“Shoka halikuniponyoka mara thelathini, mchungaji. Nilikusudia.”

“Kwa nini, basi? Kazi ya lazima na kazi ya huruma zinaruhusiwa siku ya Bwana. Tuambie sababu yako.”

“Hiyo siwezi kuitoa.”

“Ni wivu? Kwa kuwa baba yenu alimwachia Seonag shamba?”

“Mkiona ni wivu, andikeni wivu.”

Wakaandika. Tangu siku hiyo alizuiwa kuikaribia Meza ya Bwana. Kila mkate ulipopitishwa, alikuwa kwenye kiti cha nyuma kabisa, mikono juu ya magoti. Seonag alipishana naye barabarani bila salamu. Torcuil alivua kofia kila mara.

Beileag alipoondoka, Ruairidh, aliyeyasikia yote, alikuwa bado ameketi kando ya jiko.

“Seonag, siku ile sikuwa na homa.”

“Siku gani?”

“Jumapili ile. Ulipokwenda kanisani ukidhani naumwa, nilishuka ufukoni. Nilikuwa nikiisukuma mashua majini, na sikuwa na nia ya kurudi. Torcuil alikuwa njiani kwenda ibadani, akaniona. Akanileta nyumbani, akanivua viatu, akanilaza kama mtoto. Ndipo alipochukua shoka.”

Seonag alisogeza viazi kando.

“Na ukanyamaza?”

“Nilimwapisha asiseme. Niliogopa utaniangalia vingine. Akasema, ‘Shemeji, mimi nina mabega mapana, waache waseme.’ Nilidhani nitakuja kusema mwenyewe. Mwaka ukapita, ukaja mwingine…”

“Umekula mezani kwangu miaka ishirini na moja, Ruairidh! Ukanisikia nikimlaani ndugu yangu, ukaomba chumvi!”

 Baadaye, sauti ya Seonag ikiwa imeshuka, alisema, “Torcuil hana mtoto. Kamba ya kichwani mwa jeneza, ile ya ndugu wa karibu, utaishika wewe. Lakini hutaigusa kabla hujawaambia watu kweli.”

Jeneza lilikaa siku tatu nyumbani kwa Torcuil. Kwetu marehemu haombewi, huombewa waliobaki. Siku ya maziko, mchungaji alipofungua Biblia, Ruairidh alisimama, akasema yote mbele ya watu. Mchungaji, yuleyule wa siku ile, sasa mzee, alifunga Biblia, akaifungua tena.

“Tulimuuliza kama alikusudia, akatuambia kweli,” alisema. “Kilichomsukuma tulikiandika wenyewe. Bwana atusamehe.”

 Waliimba zaburi.

Wanaume walilibeba jeneza kwa zamu, wawili wawili wakipokezana, mpaka makaburini kando ya bahari. Kwa desturi wanawake hubaki nyumbani. Seonag aliwafuata nyuma, amevaa viatu vyake vya kanisani, na hakuna aliyemrudisha. Alisimama kwenye ukuta wa mawe. Wanaume wanane walishika kamba, Ruairidh kichwani. Jeneza likashuka polepole, na Ruairidh akaiachia kamba yake mwisho. Kisha wakachukua sepeto, wakafukia wenyewe, wakarudisha nyasi zilizokatwa na mizizi yake juu ya udongo na kuzikanyaga zishike. Mvua ilianza. Watu wakavaa kofia zao, wakaenda nyumbani.