Maneno Nyuma ya Picha

Ilikuwa mwaka 2005. Hapana, ulikuwa 2006, maana ule wa tano nilikuwa bado Jimma nalinda ghala la kahawa. Nahesabu kwa kalenda yetu ya Ethiopia. Ninyi ongezeni miaka saba au minane, mtaufikia.

Nilikuwa mlinzi wa jengo moja la Kazanchis, Addis Ababa. Orofa ya tatu alifanya kazi Hirut, binti mtengeneza kurasa za tovuti. Nilizoea kupanda kwao kahawa ikichemka, na kila mara nilimkuta kashika shavu.

"Gashe, ukurasa ni mmoja," aliniambia, kwa jina la heshima tunalomwitia mwanamume mkubwa, "lakini kila kivinjari kinauonyesha kivyake. Huku safu zimekaa sawa, kule zimepandana kama kondoo wa sikukuu. Natengeneza hiki, kinaharibika kile."

"Si upumzike?"

"Nikipumzika vitajitengeneza?"

Siku hizo alikuwa na ukurasa wa ofisi moja ya elimu, wa walimu kuombea uhamisho. Herufi zetu za Kiamhari zilikuwa na taabu yake: kompyuta kuukuu hazikuwa nazo, zilionyesha visanduku vitupu. Basi mafundi wa mjini walikuwa na desturi ya kuandika maneno, kuyageuza picha, kisha kuyabandika. Picha haichezi popote.

Hirut akamwita Abiyot aje kuujaribu. Huyu alikuwa mwalimu kipofu, anafundisha Dessie, mji wa mbali kaskazini, mke na watoto wako Addis. Kila mwaka shemeji yake ndiye aliyemjazia maombi, na jibu likitoka, mtaa ulilijua kabla yake. Safari hii alitaka aombe mwenyewe, alisome jibu mwenyewe. Alikuja na kompyuta yake inayosoma kwa sauti, sauti ya bati.

"Picha," ikasema. "Picha. Picha."

"Binti, hii albamu ya harusi?" akauliza Abiyot. "Basi nionyeshe bibi harusi."

Bosi wao, Ato Getahun, yaani Bwana Getahun, alikuwa mlangoni. "Hirut, tusipoteze wakati. Kwani vipofu wangapi wataingia humo?"

"Mmoja huyu hapa."

"Na masikio yangu mazima, Ato Getahun," akasema Abiyot.

Bosi akanywa kahawa yake.

Hirut akang'oa picha zote, akaandika maneno yenyewe. Kompyuta ya Abiyot ikayasoma vizuri. Lakini mkubwa wa ofisi ya elimu alipoufungua kwenye mashine yake ya zamani, akaona visanduku tu, akapiga simu kwa ukali. Hirut akazirudisha picha, kisha nyuma ya kila moja akaandika maneno yasiyoonekana, ya kusomwa na sauti ile. Moja baada ya moja, kichwa, kitufe, maelezo. Halafu akaupitisha ukurasa tena kwenye kila kivinjari. Macho yalikuwa mekundu, na kahawa aliisahau ikapoa.

Abiyot akarudi, akaketi, akasikiliza, akajaza polepole. Alipobonyeza kitufe cha mwisho sauti ikasema ombi limepokelewa. Aliirudisha mara ya pili aisikie tena.

"Jibu nalo nitalisomea hapa," alisema. "Asiniambie mtu."

Majibu yakatoka baada ya masika. Abiyot alikuja mapema, akafungua ukurasa ule ule.

"Picha," ikasema kompyuta.

Akashuka hadi chini ya ukurasa. Hapakuwa na zaidi.

Hirut akainama kutazama. Ofisi ilikuwa imechapa majibu kwenye karatasi, ikayagonga muhuri wa zambarau, ikaipiga karatasi picha na kuiweka hewani yenyewe bila kumuuliza. Kwetu habari isiyo na muhuri ni uvumi, na muhuri unataka karatasi.

"Mwalimu, naweza kuandika maneno nyuma yake sasa hivi," alisema Hirut.

"Ukiandika utakuwa umeshasoma."

Hirut akaondoa vidole kwenye kibodi. Hata mimi nilijifanya natazama dirisha.

"Haya, soma," akasema Abiyot mwishowe.

Jina lilikuwepo. Amehamishiwa Addis. Hirut alilisoma taratibu, Abiyot akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akakunja kompyuta yake. Furaha ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo, ila ilikuja imechoka.

Nilimuuliza Ato Getahun, na siku nyingine nikamuuliza karani wa ile ofisi aliyekuja na gari: maneno ya majibu yangebaki maneno, picha ya muhuri ikakaa pembeni, nani angedhurika?