Mama Januari wa Nyahanga: magurudumu manne, ndoo moja

Saa mbili asubuhi. Jua la Nyahanga, hapa Kahama, limeshaanza kuchoma, na Euphrasia Masele amechuchumaa mbele ya gurudumu la Land Cruiser nyeupe bila kuligusa. Anasogeza kiganja karibu na ringi, anakiondoa, anatikisa kichwa.

"Bado lina moto," anasema. "Tusubiri."

"Tusubiri nini tena, Mama Januari?" anauliza mwenye gari, Mzee Ebrahim, muuza vipuri wa mjini Kahama aliyetoka Runzewe alfajiri. "Bibi harusi anapanda gari hii saa nane, Shinyanga! Binti wa ndugu yangu!"

"Atapanda, mzee wangu. Lakini gurudumu la moto siligusi."

Nyuma yao kicheko kinalipuka. Akina mama wa mtaa wameujaza uwanja wa kisima cha pampu, ndoo na madumu yamepangwa foleni mpaka barabarani. Mmoja anapaza sauti: "Anaogopa huyo! Mwambieni akalale!"

Euphrasia hageuki. Leo ndiyo leo. Akishindwa mbele ya akina mama hawa, hatachota tena maji ya kazi kisimani hapa, na bila maji hana kazi.

Asiyefika Kahama mwaka huu wa 1997 anaweza kuuliza, ndoo moja ya maji ina nini hata watu waiundie baraza? Afike aone. Mvua zimegoma, malambo yamekauka, ng'ombe wanalamba tope, na pampu hii ya mkono inatoa maji kwa kusuasua. Kamati ya maji ya mtaa imepiga marufuku kuosha magari kisimani. Vijana waliokuwa wakiosha malori kwa mapipa wameshakimbilia machimboni.

Euphrasia hakukimbia. Alimfuata mwenyekiti wa kamati, Bi Mwanaima, akamwambia maneno yaliyochekesha mtaa mzima: kwamba yeye husafisha magurudumu manne ya gari kwa ndoo moja, bila kusuuza, na maji hubaki.

"Nilimwambia, Mama Januari, usinifanye mtoto mdogo," anasimulia Bi Mwanaima, mwanamke mnene wa sauti nzito ambaye hata wenye magari humwamkia kwa adabu. "Sufuria moja ya ugali inanimalizia maji, sembuse magurudumu ya gari!"

Wakapatana. Aoshe mbele ya wote, gari chafu kuliko yote litakalopita siku hiyo. Akiomba hata tone la ziada, afunge kazi.

Na gari hili la Mzee Ebrahim, jamani, ni chafu. Breki zinaposagika hutoa vumbi jeusi. Vumbi hilo likikutana na udongo mwekundu wa barabara ya Runzewe, na joto likalioka safari nzima, hugandamana kwenye ringi kama masizi chini ya sufuria. Mwandishi huyu alikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukawa mweusi, ringi ikabaki vilevile.

Wakati magurudumu yanapoa, Euphrasia anacheka peke yake.

"Mwanzoni sikuwa na subira," anasema. "Lilikuja gari la mtu wa dhahabu kutoka Geita, breki zinanuka. Mimi huyo, nikaimwagia ringi maji yangu ya dawa. Yakaiva palepale! Yakaganda kama ukoko wa ugali. Nilikwangua mpaka jioni, na yule baba amekaa kwenye kigoda ananitazama tu. Tangu siku hiyo, gurudumu la moto naliheshimu."

Amezaliwa kijiji cha jirani na Mwadui, akakulia kwenye pamba na ng'ombe. Alihamia Nyahanga alipoolewa na Makoye, mchimbaji mdogo. Miaka minne iliyopita, duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, lilimporomokea Makoye huko Geita likamvunja miguu yote miwili. Alitoka mzima, shukrani kwa Mungu, lakini hatembei. Kutwa hukaa mlangoni akifunga nyuzi za katani kuwa brashi ndogo, na brashi hizo ndizo mkewe anazozitumia kufikia kwenye nati.

"Magari ya matajiri yalikuwa yanapita hapa, bodi inang'aa, magurudumu meusi tii," anasema Euphrasia. "Nikajiuliza, mbona kama bwana harusi mwenye suti na miguu ya matope? Nikasema, wengine waoshe bodi. Mimi nachukua miguu."

Gurudumu moja ni shilingi mia mbili. Kwa hizo analisha watoto watano na mume. "Ndoo hiyo ikikatwa," anasema, na sasa hacheki, "nyumba yangu imekatwa."

Anapima tena joto kwa kiganja. Safari hii anakilaza kiganja juu ya ringi na kukiacha. "Haya," anasema.

Anafunua ndoo. Maji yake ni mazito kidogo, yana rangi ya majani, na ndani yamelala matambara laini ya kanga zilizochakaa. Hasugui chochote. Anachukua tambara, analibandika juu ya ringi likiwa linachuruzika, analikandamiza kwa vidole pole pole kama anayemkanda mzazi. Anabandika la pili, la tatu, mpaka gurudumu zima limevikwa. Kisha anahamia gurudumu la pili.

"Sasa anafanya nini?" ananong'ona mama mmoja.

"Anamvisha bibi harusi," anajibu mwingine, na watu wanaangua kicheko.

Akishayavika yote manne anarudi kwenye la kwanza. Anapitisha brashi ya Makoye pembezoni mwa nati, kisha analishika tambara na kulivuta mara moja, kutoka juu kwenda chini, bila kurudia.

Kicheko kinakatika.

Lahaula! Pale tambara lilipopita, ringi imetoka nyeupe. Unaweza kujitazama meno. Lile gamba jeusi lililoushinda ukucha limenyanyuka lote na kujizoa kwenye kitambaa, utelezi umelibeba bila kuacha mkwaruzo. Mwandishi huyu alijikuta amepiga goti vumbini ili aone vizuri, na hakuwa peke yake. Mzee Ebrahim, na kanzu yake safi ya harusini, alikuwa amepiga goti upande wa pili.

"Ya Rabi," alisema mzee. "Mwaka mzima naleta gari hapa na sijawahi kutazama."

Tambara chafu Euphrasia halirudishi kwenye ndoo kamwe. Analikunja, anafutia upande safi, kisha analitupa kwenye karai tupu. Kwenye ndoo unaingia mkono mtupu tu, kuchukua tambara safi. Ringi haisuuzwi. Anaipitishia kitambaa kikavu, basi. Gurudumu la nne lilipokamilika, hata mpiga pampu alikuwa ameacha kupiga.

Bi Mwanaima akasogea, akainama juu ya ndoo. Maji yalikuwa yamebaki kiasi cha kuoshea gari jingine, na yalikuwa safi kama yalivyoanza.

Wengi walianza kupiga vigelegele. Lakini Bi Mwanaima alitia vidole ndani ya ndoo, akavisugua, akavinusa. Uso wake ukabadilika.

"Huu ni mlenda!"

Vigelegele vikafa. Kwa mgeni hilo lisingekuwa neno. Lakini mwaka huu, katika nyumba nyingi za hapa, mlenda wa kukausha ndiyo mboga pekee iliyobaki. Wapo watoto waliolala jana kwa ugali wa chumvi.

"Euphrasia!" Bi Mwanaima hakumwita tena Mama Januari. "Watoto wetu wanalia mboga, wewe unavisha magari ya matajiri mlenda? Heri ungetumalizia maji!"

"Aibu!" mtu alipiga kelele. Mwingine alishika mpini wa ndoo ile kama anayetaka kuimwaga. Euphrasia aliifunika ndoo kwa mikono yake. Kazi alikuwa ameishinda, na sasa kazi yenyewe ilikuwa inamponza.

"Msimwage, mama zangu," alisema. "Naomba mnisikie. Majani nakula. Kama ninyi."

Alikwenda kwenye gunia lake lililoegemezwa ukutani, akaligeuza chini juu. Yakamwagika mashina, makavu, marefu, bila jani hata moja. Akaokota moja, akalipiga kwa jiwe mpaka likawa nyuzinyuzi, akalichovya kwenye maji yaliyobaki. Alipolinyanyua, ute ulining'inia mrefu kutoka kwenye vidole vyake.

"Siku ya kwanza nilikuwa nasugua sufuria kwa maji niliyokuwa nimelowekea haya mashina ili nipate kamba," alisema. "Masizi yakatoka yenyewe. Nikashangaa sana. Nikasema, kama yanatoa masizi ya sufuria, ya gari yatashindwaje? Tangu hapo naloweka usiku, nachuja kwa kitambaa, natia sabuni ya unga kidogo. Jani sijawahi kutia. Nitatiaje jani, na mimi nina watoto?"

"Mbona ulificha?" aliuliza Bi Mwanaima.

"Niliona haya. Nani angenipa gari lake nikimwambia naliosha na takataka za jikoni? Walisema nina dawa ya mganga, nikawaacha waseme."

Mama mmoja mwembamba alijipenyeza mbele, akaokota kifungu cha mashina kilichofungwa kwa uzi wa kijani. Alikigeuzageuza.

"Uzi huu ni wangu," alisema taratibu. "Haya ndiyo ninayotupa nyuma ya jiko. Kila jioni anapita kuyaokota. Mimi nilijua anawashia moto!"

"Hata kwangu anapita," alisema mwingine.

"Na kwangu!"

Kumbe nusu ya gunia lile ilitoka majikoni mwa wale wale waliotaka kuimwaga ndoo. Walitazamana. Kisha mmoja alicheka, na mwingine, na kicheko cha sasa hakikuwa kile cha asubuhi. Watu walisogea kuzigusa ringi kwa ncha za vidole, kama wanaogusa kitambaa cha bei dukani. Mwandishi huyu naye aligusa. Mashina ya kutupwa, matambara ya kanga, na maji yasiyotosha kuoga watu wawili! Ukitembea mijini unaonyeshwa mitambo mikubwa ukaambiwa ushangae. Mimi nimeshangaa Nyahanga.

Bi Mwanaima aliokota shina moja, akalivunja, akalinusa. Halafu akaunyanyua mpini wa ndoo kutoka kwenye mkono uliotaka kuimwaga, akamkabidhi mwenyewe.

"Ndoo yako hatuikati, Mama Januari," alisema. "Utapanga foleni kama sisi wote, usijione. Na jingine. Pale chini ya pampu, maji yanapomwagikia, panaota magugu tu. Palime. Panda mlenda. Majani tutachuma mtaa mzima, mashina yatakuwa yako."

Euphrasia aliitua ndoo chini. Alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Kutoka ndani ya kanga ilisikika, "Wabeja, mayu. Asante, mama. Wabeja sana."

Mzee Ebrahim aliondoka kwa mbio, magurudumu yakimeremeta mpaka yalipomezwa na vumbi la barabara. Bibi harusi hatachelewa.

Uwanja ulipotulia, tulimuuliza Euphrasia kama haogopi mvua, maana zikinyesha vijana watarudi na mapipa yao.

"Na zinyeshe!" alisema. "Mimi nimwombee nani ukame? Wenye magari wameshaona leo. Nataka nimfundishe yule mama wa uzi wa kijani, tuwe wawili, twende stendi tukakamate mabasi ya Shinyanga na Geita. Basi lina magurudumu mengi, ujue."

Tulimwomba atueleze zaidi kuhusu mipango hiyo. Alikuwa ameshajitwika gunia kichwani na ndoo iko mkononi.

"Utanisamehe, mwanangu, tutaongea kesho," alisema akiondoka. "Makoye yuko mlangoni tangu alfajiri. Amesikia vigelegele, halafu amesikia watu wanapiga kelele, halafu kimya. Hawezi kutembea kuja kuona. Ngoja nimkimbilie."