Wimbo Uliolala Kushoto

Jirani yangu, fundi wa kuchomelea, hurekodi nyimbo zake ndani ya kabati, katikati ya makoti ya mkewe, maana nguo humeza mwangwi. Vidole vyake vyenye makovu ya cheche hugusa kompyuta kwa upole wa mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Kila akisikiliza husema, "Bado kidogo," kisha huongeza sauti ya upande wa kushoto. Jana alinivisha hedifoni zake. Gitaa, ngoma na sauti yake vilinivamia sikio la kushoto. La kulia liliambulia mabaki.

"Jirani, mbona wimbo wote umelala kushoto?"

"Ndege za huko uwanjani unakofanya kazi zimekuziba masikio wewe," alicheka, akazivaa hedifoni mwenyewe. Nikamwondolea hedifoni kwenye sikio la kulia.

"Sasa mbona umepunguza sauti?"

Sikuwa nimepunguza chochote. Alitazama mikono yangu, akatazama kompyuta, kisha akalipapasa sikio la kushoto kama mtu anayepapasa mfuko uliokuwa na funguo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na chai.

"Baba watoto, mimi hulala kushoto kwako," alisema polepole. "Miaka yote nilidhani unanipuuza."

Fundi alimgeuzia sikio la kulia. "Umesemaje?"