Mkunjo Katika Picha ya Baba

Nakumbuka siku moja huko Ndabibi, mdogo wangu, na swali la siku hiyo bado linaninyima usingizi: kama ningeiacha mashine yangu ikwaruze, Shosho, nyanya yangu mzaa baba, angemsikia mwanawe?

Shosho hakuwa akiona tena. Picha pekee ya marehemu baba yangu aliijua kwa kidole. Ina mkunjo katikati, maana aliikunja akaificha kifuani siku alipokimbia ghasia shambani Molo na nguo za mwilini tu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nikamwahidi kwamba nitamuundia mashine ya kuisikia. Hakukuwa na kompyuta. Ni taa, nyaya na jicho la umeme linalopita juu ya picha. Penye weupe sauti hupanda, penye weusi hushuka.

Mama aliponiona nikiijaribu alicheka. "Miaka minne chuoni, umetuletea nzi ndani ya boksi!"

Niliona haya. Kila jicho lilipofika kwenye mkunjo, spika ilikwaruza vibaya. Nikaweka kapasita ya kulainisha sauti, kisha nyingine, mpaka ikawa tamu kama kinanda cha kanisani.

Shosho alisikiliza, kichwa ameinamisha.

"Huyu ni nani?"

"Ni Baba, Shosho."

"Na mkunjo uko wapi? Si mimi ndiye niliyeikunja? Umenipigia mtu mwingine."

Nilisema nitarekebisha. Nikarudi Nakuru ninakoishi, nikawaza. Nikizitoa kapasita, watu watanicheka. Nikiziacha, nimedanganya. Nikawaza miezi mizima. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wazee. Yangu ilikula masikio ya Shosho. Siku hizi ukimwita hageuki.

Jumamosi iliyopita nilizikata kapasita zote kwa koleo, nikapanda gari na mashine kwenda Ndabibi. Nikaweka kiganja chake juu ya spika. Jicho lilipofika kwenye mkunjo, spika iliruka, na vidole vyake vikajifunga polepole. Sauti yenyewe hataisikia kamwe, na sijui dawa ya hilo.

Mdogo wangu, usilainishe kitu cha mtu ili wewe usichekwe. Mpelekee kikiwa bado kinakwaruza, maadamu masikio yapo. Mungu akupe mkono mwepesi kuliko wangu, na akuwekee wa kukusikiliza.